Kama umeimba kwaya kwa d r m, gitaa ushaanza kulisoma

Wengi tukianza gitaa tunakimbilia tabu (ndio jina lake, msicheke, ni noti za gitaa zilizoandikwa kwa mistari na namba) na sina ugomvi nayo, ila ukiitegemea peke yake utakwama, maana inakwambia kidole kiende wapi lakini mara nyingi haikwambii noti ikae muda gani. Sasa kama umepita kwaya ya kanisani dawa yake unayo tayari, ile karatasi ya solfa, yaani noti zilizoandikwa kwa herufi d r m (do re mi).

Tabu kwanza. Mistari sita, nyuzi sita, ila mstari wa CHINI kabisa ndio uzi mnene, ule ambao ukishika gitaa uko juu karibu na kidevu chako. Mimi hapo nilipiga kichwa chini miguu juu wiki nzima nikawa nalaumu gitaa halijatyuniwa. Lilaze mapajani uliangalie kutoka juu, utaona linafanana na karatasi. Namba ni freti (zile nafasi kati ya vyuma vya kwenye shingo ya gitaa), sio kidole: 3 ni freti ya tatu, 0 uzi uachwe wazi, x uzi uzimwe. Ukiona / unateleza, b unavuta uzi.

Skeli ya G, yaani ngazi ya noti inayoanzia G, iko hivi (herufi za kushoto ni majina ya nyuzi):

e|-----------------|
B|-----------------|
G|-----------------|
D|-----------2-4-5-|
A|-----2-3-5-------|
E|-3-5-------------|

Ipige huku unaimba do re mi fa so la ti do. Umeona eeh? Solfa imekaa kwenye gitaa na umbo lake halibadiliki, kwahiyo karatasi ikiandikwa Doh is A (yaani do ni noti ya A) unasogeza mkono mzima freti mbili mbele basi, ikiwa Doh is F unarudi freti mbili nyuma ya G, mi na la zinakuwa nyuzi wazi na maisha yanaendelea. Na muda uko pale pale kwenye karatasi, nukta mbili (:) zinatenganisha mapigo, kistari ni noti inaendelea kushikiliwa, nukta moja inagawa pigo nusu kwa nusu. Hiki ndicho tabu nyingi za mtandaoni hazina.

Vile viboksi vya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni rahisi, mistari iliyosimama ni nyuzi (nene iko kushoto), iliyolala ni freti, na hapa SASA namba 1 mpaka 4 mara nyingi ni vidole, 1 shahada, 4 kidole cha mwisho. Bila boksi watu wanaandika tu x32010, hiyo ni C, unasoma kutoka uzi mnene na hizo ni freti tena. Ndio, inachosha, ila utazoea.

Stafu, ile mistari mitano, sitakudanganya ni kazi, na kwenye gitaa ina kero ambayo mpiga kinanda haijui: noti moja ina makazi mengi. Ile E ya uzi mwembamba ukiwa wazi unaipata pia uzi wa pili freti ya 5, wa tatu freti ya 9, wa nne freti ya 14, sasa karatasi inataka ipi? Ndio maana wanaandika namba ndani ya kiduara, huo ni uzi, na namba za kirumi kama V zinakwambia kidole cha shahada kikae freti ya ngapi. Kingine, gitaa linatoa sauti oktavu moja (kama kutoka do mpaka do nyingine) chini ya ilivyoandikwa, kwahiyo ukipiga pamoja na soprano ukasikia uko chini yake usishtuke.

Mazoezi ninayowapa wadogo zangu: chukua wimbo wa kwaya unaoujua, sauti ya kwanza tu, uimbe kwa solfa huku unapiga makofi, ndo utafute kwenye gitaa kwa umbo lile la juu, ukipata andika tabu yako mwenyewe kwa penseli chini ya zile d r m. Mistari minne kwa siku inatosha, na penseli sio peni maana utafuta sana.