Kupiga picha timu ya soka ya chuo ukiwa kando ya uwanja, hatua kwa hatua

Mpiga picha wa timu ya chuo ana jambo moja ambalo wa magazeti hana: anaiona timu ileile kila wiki. Anamjua winga anayepunguza mwendo kidogo kabla ya kukata kuingia ndani. Anamjua beki ambaye hupanda kila kona, na nyanda ambaye hageuki kuangalia nyavu akifungwa. Kwangu ujuzi huo una thamani kuliko lenzi yoyote kubwa, na hatua zote zifuatazo zinauegemea. Nitatumia soka kwa sababu ndiyo ninayoipiga picha zaidi, ila mengi utayatumia hata kwenye raga au mpira wa magongo.

Hatua ya 1: Nenda mazoezini kabla ya mechi

Hudhuria angalau mazoezi mawili. Jitambulishe kwa kocha, umwombe ruhusa, na umwulize wazi ni nini hataki kipigwe picha au kisambazwe. Wengi hawataki ubao wa mbinu uonekane wala mchezaji akiwa mezani kwa mtaalamu wa tiba. Mkubaliane mapema.

Kisha kaa utazame, kamera ikiwa begani. Andika kwenye daftari namba za jezi na tabia: nani anapiga kona, nani anatumia mguu wa kushoto, nani huruka juu kuliko wenzake. Winga wa kulia anayetumia mguu wa kushoto atakata kuingia ndani na kutafuta shuti, kwa hiyo ukiwa nyuma ya mstari wa goli utauona uso wake. Ukikaa katikati ya uwanja utaambulia bega. Kuna faida nyingine pia: wachezaji wanakuzoea, na siku ya mechi hawatakaza uso wakikuona.

Hatua ya 2: Beba vichache

Lenzi ya milimita 70 hadi 200 inatosha kuanza, na ikiwa na f/2.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, utapumua jioni. Uwanja mkubwa wa soka una urefu wa mita 100 hadi 110, kwa hiyo mchezaji wa upande wa pili ataonekana kama punje. Mwache. Eneo la hatari lina kina cha mita 16.5 tu, na yanayotokea humo utayafikia vizuri ukiwa karibu na kona. Ongeza betri ya akiba, kadi ya kumbukumbu ya pili, mfuko wa plastiki wa kufunika kamera mvua ikinyesha, na kitu laini cha kupigia goti. Goti litakushukuru kipindi cha pili.

Hatua ya 3: Tega kamera kabla ya filimbi

Anza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia, unaohesabiwa kwa sehemu za sekunde. Mpira uliopigwa kwa nguvu unaweza kwenda mita 25 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/250, mpira huo unasogea sentimita 10 wakati shata iko wazi, karibu nusu ya upana wake, na kwenye picha utaonekana kama yai. Kwa 1/1000 unasogea sentimita 2.5 tu. Basi 1/1000 iwe kawaida yako mchana. Giza likiingia shuka hadi 1/500 kwa shingo upande.

Fungua lenzi hadi mwisho au karibu na mwisho, f/2.8 au f/4, ili mashabiki na magari nyuma ya mchezaji wayeyuke. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande. Picha yenye chembechembe inasomeka. Picha iliyotikisika haina dawa.

Jezi huidanganya kamera. Timu ikivaa nyeupe, kamera hudhani kuna mwanga mwingi na kutia picha giza. Ikivaa nyeusi, hufanya kinyume na nyuso za watu hupauka. Jua likiwa halibadiliki, mimi hupima mwanga kwenye nyasi za kijani zilizo katika mwanga uleule wa wachezaji, nikaweka kila kitu kwa mkono, nisiguse tena. Kivuli kikikata uwanja nusu kwa nusu, chagua upande mmoja na upimie huo.

Usiku kuna tatizo la taa. Taa nyingi zinazotumia umeme wa Hz 50 hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kwa Hz 60 mara 120. Jicho halioni, lakini shata ya haraka inaona: picha tatu zilizofuatana zinatoka na mwanga tofauti, pengine na rangi tofauti. Kama kamera yako ina kipengele cha kuzuia kumetameta kwa taa, kiwashe. Kama haina, piga picha nyingi zaidi kwa mfululizo ili upate pa kuchagua. Flashi iache nyumbani, maana inammulika mchezaji machoni.

Fokasi iwe ya kuendelea, ile inayomfuata mchezaji anayesogea na inayoandikwa AF-C kwenye kamera nyingine na Servo kwenye nyingine, na upigaji uwe wa mfululizo.

Hatua ya 4: Chagua mahali, kisha tulia

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanaukimbiza mpira kutoka goli hadi goli na kila mara wanafika wamechelewa, mpira umeshaondoka. Mimi hukaa upande ambao timu yangu inashambulia, mita chache kutoka kibendera cha kona, na kusubiri. Mpira utakuja.

Kabla ya kukaa, tazama vitu viwili: jua liko wapi, na nyuma ya goli kuna nini. Jua liwe mgongoni mwako au ubavuni. Ukuta mtupu au miti ni bora kuliko magari yaliyoegeshwa yenye vioo vinavyong'aa. Piga goti au kaa chini kabisa. Ukiwa chini, mchezaji anayeruka anapanda juu ya upeo wa macho na nguvu yake inaonekana.

Waheshimu waamuzi wa pembeni. Kila mmoja hukimbia nusu moja tu ya mstari wake, na nusu za hao wawili ziko kimshazari, hivyo kila upande una nusu ambayo haina mwamuzi anayekimbia. Kaa huko. Rudi nyuma ya mstari hatua kadhaa, mkoba wako usiwe njiani, na jicho lisilo kwenye kamera liwe wazi. Mchezaji anayefukuzia mpira wa mwisho hawezi kusimama kwa sababu yako.

Hatua ya 5: Mtangulie mchezaji

Weka fokasi kifuani mwa mchezaji unayedhani atapata mpira, mfuate, na uanze kubonyeza nukta moja kabla ya mguu kugusa. Ukiona tukio kwenye kioo kisha ndiyo ubonyeze, limeshapita. Piga mfululizo mfupi wa picha tatu hadi tano, pumua, rudia. Ukibonyeza bila kuachia, kamera itajaa na kuganda. Mimi niliwahi kukosa bao pekee la mechi kwa sababu hiyo, kamera ikiandika kwenye kadi picha za mpira wa kurusha ambazo hakuna aliyezihitaji.

Kwa mpira wa kichwa, bonyeza miguu inapoachana na ardhi. Kwa kona, mtegee nyanda au yule beki uliyemwandika mazoezini. Picha inayobaki mara nyingi ina uso, mpira na mpinzani kwa pamoja. Usitazame skrini mpira ukiwa unachezwa. Mpira ukitoka nje utapata nafasi.

Hatua ya 6: Baada ya bao, usishushe kamera

Bao lenyewe mara nyingi si picha kubwa: ni mguu, nyavu, vumbi. Picha iko sekunde kumi zinazofuata. Vuta lenzi irudi kwenye milimita 70, mfuate mfungaji, ukijua kutoka mazoezini kwamba huwa anakimbilia benchi au anapiga magoti peke yake. Wakishakumbatiana, geuka. Tazama kocha, wachezaji wa akiba, nyanda wenu aliye peke yake huku nyuma akirukaruka bila mtu wa kumkumbatia. Mwaka ukiisha, hizo ndizo picha wanazoziomba.

Fanya hivyo hata mkifungwa. Mikono iliyoshika kiuno na mkono wa nahodha begani kwa mdogo wake ni habari ya timu pia. Lakini mtu akiumia, piga picha ya wanaomzunguka, kamwe si ya uso wake wenye maumivu, na bila ridhaa yake isitoke.

Hatua ya 7: Chuja, kata, andika majina

Kabla ya mechi piga picha ya orodha ya vikosi. Baada ya mechi piga ubao wa matokeo. Utavihitaji usiku ukiandika maelezo, kwani jina likikosewa mchezaji anaumia kuliko picha ikiwa mbaya. Linganisha kila jina na namba ya jezi.

Katika picha 900, bakiza 30 au 40. Nyoosha upeo wa macho, na ukikata usikate kwenye goti, kifundo au kiwiko. Rekebisha mwanga na rangi, lakini mpira usiuhamishe wala usimfute mtu. Zitume jioni ileile, zikiwa bado moto.

Mwisho, weka orodha ya kikosi kizima na utie alama kila mchezaji anapopata picha nzuri. Baada ya mechi nne au tano utaona majina yasiyo na alama: nyanda wa pili, kiungo anayeingia dakika za mwisho. Rudi mazoezini kwa ajili yao.