Majilio Ujerumani: usiingoje tarehe 25

Krismasi yangu ya kwanza Dresden niliisubiri kama tulivyoisubiri nyumbani Tukuyu, Tanzania. Nguo mpya zimekunjwa kabatini, mchele na nyama vitanunuliwa mkesha, na watu watakuja tu. Tarehe 24 Desemba nikashuka kwenda dukani saa tisa alasiri, nikakuta kumefungwa tangu saa nane. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa kimya, hakuna hata mtoto mmoja aliyetoka kuonyesha viatu vipya. Nilikula wali na maharage ya kopo, nikalala mapema.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba huku sherehe hufanyika kabla. Wiki nne za Majilio ndizo zenye taa, harufu za jikoni, nyimbo na watu. Siku yenyewe ni ya familia, ndani, mlango umefungwa. Kwa hiyo wewe uliyefika mwaka huu, anza kuhesabu tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Jumapili inayoitangulia ni ya Waprotestanti kuwakumbuka marehemu wao, na masoko mengi ya Krismasi husubiri ipite ndipo yafunguliwe.

Jiandae na giza kwanza. Katikati ya Desemba, Dresden jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mwili uliokulia karibu na ikweta hauzoei hilo haraka, na upweke wa Desemba mara nyingi huanzia hapo. Wenyeji wana dawa yao: taa madirishani. Katika milima ya Erzgebirge, kusini mwa hapa, wachimbaji madini waliingia shimoni kabla ya kucha na kutoka usiku umeshatanda, na huko ndiko lilikotoka tao la mbao lenye mishumaa ambalo siku hizi utaliona karibu kila dirisha la Saxony, jimbo letu hili. Nunua moja, hata dogo la umeme, uliweke dirisha linalotazama barabara.

Lakini mimi moyo wangu uko kwenye nyota. Ukipita mitaani utaziona zikining'inia kwenye baraza na milango ya makanisa, zina ncha nyingi na taa ndani, za njano, nyekundu au nyeupe. Zinaitwa nyota za Herrnhut. Kwa sisi tuliobatizwa katika Kanisa la Moravian, jina hilo si geni: Herrnhut ni mji mdogo, na ni kutoka huko wamisionari walitumwa hadi kwetu Rungwe mwaka 1891. Nilisoma jina hilo nikiwa mtoto, sikujua kwamba siku moja nitashuka kwenye kituo chake cha basi. Nyota ilianzia katika shule ya Wamoravian, karne ya 19, kama zoezi la hesabu za maumbo, na tangu 1897 inatengenezwa Herrnhut kwa ajili ya kuuzwa. Ile ya kawaida ina ncha 25, nazo huja zimetengana ndani ya boksi. Familia hukaa pamoja kuiunga Jumapili ya kwanza ya Majilio, na kazi hiyo ndiyo sherehe yenyewe. Kama una watoto, waachie waifanye wao, hata ikichukua mchana kutwa.

Ukiweza, nenda Herrnhut. Kutoka Dresden panda treni hadi Löbau au Zittau, kisha basi. Karakana ya nyota hupokea wageni, na ukitoka hapo tembea hadi makaburini kwao: mawe yamelazwa chini, sawasawa, ya tajiri na ya fukara hayatofautiani. Mwaka 2024 mji huo uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mimi nilisimama pale nikamkumbuka bibi yangu aliyeimba kwaya Rungwe.

Sasa soko. La Dresden linaitwa Striezelmarkt na lilianza mwaka 1434. Nenda siku ya kazi, mapema jioni, maana Jumamosi ni kubanana. Vinywaji vya moto hutolewa kwenye vikombe vya udongo, na utalipa euro kadhaa zaidi, ambazo ni dhamana ya kikombe, wenyewe wanaita pfand. Ukirudisha kikombe unarudishiwa hela, ukikipenda unaondoka nacho. Mvinyo mwekundu wa moto hutiwa mdalasini na karafuu, na harufu yake itakupeleka Zanzibar macho wazi. Kama hunywi pombe, agiza Kinderpunsch, ambacho ni juisi ya moto yenye viungo hivyo hivyo. Soseji nyingi ni za nguruwe, basi ndugu Waislamu waulize kwanza. Hata mkate wa Stollen unaweza kuwa na zabibu zilizolowekwa kwenye rumu.

Huo Stollen ndio fahari ya mji. Zamani Majilio ilikuwa kipindi cha mfungo na siagi ilikatazwa, mkate ukawa mkavu usio na ladha, hadi Papa alipotoa ruhusa ya siagi mwaka 1491. Leo umejaa siagi, zabibu na lozi, na nje umefunikwa sukari nyeupe. Unapikwa wiki kadhaa kabla ili ukae na kuiva ladha. Usiumalize siku moja.

Tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, watu huweka vijiti vya mcheri kwenye maji ya uvuguvugu, na vikitunzwa vizuri huchanua karibu na Krismasi. Vinunue kwa muuza maua, usikate mti wa jirani. Usiku wa tarehe 5 watoto hung'arisha viatu na kuviacha nje ya mlango, asubuhi wakute machungwa madogo, karanga na chokoleti za Mtakatifu Nikolasi. Mwenye mtoto wa chekechea asisahau, maana mtoto wako ndiye pekee atakayerudi hana cha kusimulia. Na kama jengo lenu lina watoto, waombe ruhusa wazazi, kisha uweke kitu kidogo kwenye viatu vyao. Mimi nilijuana na majirani zangu kwa njia hiyo, baada ya miaka miwili ya kusalimiana kwa kichwa tu.

Shada la mishumaa minne lipo karibu kila nyumba, mshumaa mmoja unawashwa kila Jumapili. Chanzo chake ni shada la mwanatheolojia Wichern wa Hamburg, mwaka 1839, kwa ajili ya watoto maskini aliowalea. Majani ya msonobari yakifika Jumapili ya nne yamekauka na yanashika moto upesi sana, basi usitoke chumbani ukaacha mishumaa inawaka.

Jumapili hizo, alasiri, ndizo za kukaribisha wageni kwa kahawa na vitafunwa. Mgeni wa huku hapigi hodi kwa kushtukiza, hivyo mwalike wiki mbili kabla na umtajie saa. Kaanga visheti na kaimati, chemsha chai ya tangawizi, washa mshumaa wa siku hiyo. Wajerumani watakuja na biskuti zao za nyumbani, na mtabadilishana mapishi. Watanzania tuna Uhuru tarehe 9 Desemba na Wakenya wana Jamhuri tarehe 12, kwa hiyo pilau na ngoma tunazipanga wikendi ya karibu. Tafuteni ukumbi tangu Oktoba.

Tarehe 24 uwe na vitu vyote ndani ya nyumba kabla ya saa nane mchana, vya kutosha hadi tarehe 27, na ikiwa tarehe 27 ni Jumapili, hadi tarehe 28. Alasiri nenda kanisani nusu saa kabla, makanisa hujaa hadi watu husimama. Ukitoka, piga simu nyumbani mara moja. Tanzania na Kenya wako mbele kwa saa mbili, na mama yangu hulala mapema.