Kuwapeleka watoto kwenye michezo ya maji Kunduchi msimu wa Krismasi: anza na gari

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, alinijia na daftari la kupanga safari hii. Alikuwa ameandika keki, maputo, fulana za sare, mpaka nyimbo za kuimba njiani. Kwenye mstari wa gari kulikuwa na maneno mawili tu: "litapatikana tu." Nikamwambia, dada, tuligeuze hili daftari, tuanzie chini kwenda juu.

Haya ndiyo tuliyoyapanga kwa jioni mbili, pamoja na niliyojifunza kwa miaka kadhaa ya kuwapeleka watoto wa mtaani kwetu kila Desemba. Huwa tunakuwa watoto 15 mpaka 24 na watu wazima watano au sita. Kama unakwenda na wanao wawili kwa bajaji, ruka hatua ya 3.

Hatua ya 1: Siku

Usiende tarehe 26. Najua ndiyo siku ambayo watoto wanaililia, lakini tarehe 25 watu wanashinda kanisani na kwenye pilau, halafu kesho yake wanatoka wote kwa pamoja. Wenzetu wa Moshi na Bukoba wanakuwa wameshapanda mabasi na jiji limepungua, ila waliobaki wote wanaelekea baharini: Coco Beach, Mbezi Beach, Kunduchi, Kigamboni.

Mimi nachagua kati ya tarehe 28 na 30, iangukie katikati ya wiki. Shule bado zimefungwa, na wengi wameshatumia pesa ya kutoka. Wiki ya kwanza ya Januari nayo ni tulivu, tatizo ni kwamba mzazi anawaza ada na madaftari, mchango hautoki.

Kwa Idi nafuata utaratibu huohuo. Idi mosi na Idi pili nawaachia wengine, nakwenda Idi tatu. Ila kubaliana mapema na mwenye gari kwamba mwezi usipoandama, tarehe inasogea na kianzio chako hakipotei.

Hatua ya 2: Mahali na simu

Kwa kundi la watoto mimi naona ni sehemu mbili. Kunduchi kuna Wet 'n' Wild, ambayo ni maji hasa: mabwawa na mabomba ya kuserereka. Kigamboni kuna Fun City, yenye mabembea makubwa pamoja na maji. Anayetoka Mbagala au Temeke aende Kigamboni kwa Daraja la Nyerere pale Kurasini, asihangaike na foleni ya kivuko cha Magogoni siku ya sikukuu. Sisi wa Tabata tumezoea Kunduchi. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni vizuri sana, lakini boti na watoto 20 sitaki hata kusikia.

Piga simu wewe mwenyewe, usitegemee bei uliyoona kwenye picha ya mwaka jana. Uliza: bei ya sikukuu ni ileile ya siku za kawaida? Mtoto anahesabiwa kwa umri au kwa urefu? Mtu mzima asiyeogelea analipa? Chakula cha nje kinaruhusiwa? Nguo gani haziingii majini? Sehemu nyingi wanakataa jinzi na pamba, na mabinti wanaojistiri wanatakiwa kuwa na nguo ya kuogelea inayofunika mwili. Ni bora ujue hilo nyumbani kuliko mtoto aambiwe pale pale mbele ya wenzake. La mwisho, uliza mvua ikinyesha inakuwaje, maana vuli inaweza kufika mpaka Desemba, na radi ikipiga watu wote wanatolewa majini.

Hatua ya 3: Gari

Desemba 2021 tulikodi Coaster ya daladala. Tuliipata kupitia konda tunayemfahamu, bei nzuri, dereva mcheshi. Tukatoka Tabata saa 1 asubuhi, watoto 19, nyimbo tangu Relini. Tukapita Ubungo, tukapita Mwenge, tukaingia Barabara ya Bagamoyo, na hapo tukasimamishwa. Askari akatazama mstari wa rangi ubavuni, akasoma njia iliyoandikwa mbele, akauliza daladala ya njia ile inafanya nini huku.

Nikashuka. "Shikamoo afande. Tuna watoto wadogo humu ndani."

"Marahaba. Watoto nawaona, dada yangu. Kibali ndicho sikioni."

Dereva hakuwa nacho. Tulikaa pembeni ya barabara kwa zaidi ya saa tatu, jua linapanda, maji ya kunywa yanaisha, mtoto mmoja anatapika kwa joto. Ikabidi tutafute Hiace iwabebe kwa awamu mbili, na kila awamu iwe na watu wazima wake. Tulifika getini saa 6 mchana, foleni ya tiketi ikiwa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona. Askari alikuwa sahihi. Sisi ndio tuliopakia watoto wa watu kwenye gari ambalo hatukuliuliza chochote.

Tangu siku hiyo gari nalishughulikia hivi.

Daladala ina leseni ya njia yake. Ikikodiwa kwenda kwingine inahitaji kibali cha safari hiyo kutoka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Mwenye gari au dereva ndiye anayekitafuta, kazi yako ni kukiona kwa macho. Akikuambia "kibali kipo," mwambie akupigie picha. Soma tarehe, soma namba ya gari, linganisha na namba iliyopo kwenye gari lenyewe. Jirani yangu alitumiwa kibali halali kabisa, ila cha gari lingine. Na jambo hili limalizwe kabla ya tarehe 24, kwa sababu 25 na 26 ofisi zimefungwa na hakuna atakayekusaidia.

Usikimbilie gari la mtu binafsi lenye namba za njano eti kwa sababu halina mambo ya njia. Gari la kubeba abiria kwa malipo lina namba nyeupe. Ukikamatwa kwenye Noah ya namba za njano iliyolipiwa kubeba watu, uko palepale nilipokuwa mimi, na ajali ikitokea suala la bima linaweza kuwa gumu zaidi. Kampuni zinazokodisha magari ya watalii na ya harusi ni ghali kidogo, lakini makaratasi yao kwa kawaida yako tayari. Kama mchango unaruhusu, mimi nachukua hao bila kufikiri mara mbili.

Ongea na tajiri, yaani mwenye gari, wewe mwenyewe. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu, yaani pesa ya kumpelekea tajiri, kila siku, na kuna madereva wanaokodisha gari bila tajiri kujua, wakitegemea kupata hesabu na cha juu. Sikukuu ikifika, tajiri naye anaweza kuwa amelikodisha kwa mtu mwingine, na atakayebaki barazani na masanduku ya soda ni wewe. Nikishaelewana na dereva, naomba namba ya tajiri na kumpigia mbele yake. Akisita kunipa, natafuta gari lingine.

Uliza pia nani ataendesha siku hiyo. Msimu wa Krismasi madereva wengi wanakwenda kwao na gari linaachiwa deiwaka, dereva wa kushikilia kwa muda. Sina ubaya na deiwaka, wengi wao ni madereva wazuri, lakini nataka kumjua kabla, niione leseni yake, na yeye ayajue makubaliano. Ukiyafanya makubaliano na mtu mmoja na asubuhi akaja mwingine, huyo mwingine hajui lolote.

Halafu kuna hili la kushinda. "Kupeleka na kurudisha" na "kushinda nasi" ni bei mbili tofauti. Kwenye ya kwanza dereva anawashusha, anakwenda kupiga tripu zake, na anarudi jioni akiweza. Sikukuu abiria ni wengi, kila tripu inamvuta kwenye nyingine, na saa 11 jioni unampigia anakuambia yuko Tegeta kwenye foleni. Lipa gari lishinde nanyi. Lile gari ndilo stoo yenu ya mabegi, ndilo kivuli cha mtoto aliyechoka, na ndilo litakalowakimbiza hospitali mtoto akiumia.

Mafuta ni ya nani? Maegesho ni ya nani? Chakula cha dereva? (Mpe, tena sahani ya kwanza.) Andika yote kwenye karatasi moja, pamoja na saa ya kufika kwenu na saa ya kuondoka kule, msaini wote wawili. Kianzio kiwe nusu kwa M-Pesa ili jina la aliyepokea libaki kwenye simu. Nusu nyingine utaitoa mkifika nyumbani.

Jambo la viti sitalirefusha: kila mtoto na kiti chake. Kumpakata mtoto wa miaka saba kutoka Tabata mpaka Kunduchi sikubali, hata mzazi wake akinibembeleza.

Siku moja kabla, piga simu mara mbili, mchana kwa tajiri na usiku kwa dereva. Na uwe na namba ya gari la akiba ambalo umeshaongea na mwenyewe. Jirani yangu aliona hili ni kujisumbua. Jioni ya pili dereva wake wa kwanza alijitoa, na gari la akiba ndilo wanalokwenda nalo.

Hatua ya 4: Pesa

Mtunza fedha mmoja, tarehe ya mwisho moja, orodha iwekwe kwenye kundi la WhatsApp kila jioni. Ongeza shilingi 5,000 kwa kila mtoto kama akiba ya dharura, na isipotumika irudishwe.

Hatua ya 5: Mizigo

Taulo au khanga mbili kwa kila mtoto, nguo kavu kwenye mfuko wa nailoni wenye jina, kandambili. Maji ya kunywa kwa wingi. Chakula kama hakiruhusiwi kuingia, kibaki garini: chapati na mayai ya kuchemsha vinavumilia joto, wali wa nazi unachacha kabla ya saa 7. Watoto wale garini kabla ya kuingia, ili ndani wanunue chipsi tu.

Kama kuna mtoto mwenye ualbino, zungumza na mzazi wake mapema: kofia pana, nguo ya mikono mirefu ya kuogelea, losheni ya jua ipakwe tena kila anapotoka majini, na kati ya saa 5 na saa 9 akae kivulini. Wenzake wawili wakae naye kwa zamu ili asijione ametengwa.

Hatua ya 6: Majini

Muwe getini kabla hapajafunguliwa. Saa mbili za mwanzo ndizo za kuserereka, kwani baadaye foleni za ngazi zinakuwa ndefu mno. Mchana wapelekeni bwawa la kina kifupi.

Namba ya simu iliyoandikwa mkononi kwa peni ya maka inafutika majini. Sisi tunafunga kipande cha kitenge kimoja kwenye kifundo cha mkono cha kila mtoto, na mwaka ujao tunabadilisha rangi. Ukiona kitenge hicho popote, huyo ni wetu. Mtoto anafundishwa nyumbani kwamba akipotea asimame palepale amwambie mlinzi wa bwawa, asianze kututafuta.

Kila watoto watano wana mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama tu. Simu yake iko kwenye begi. Zamu ni dakika 30, kisha anapokezana na mwingine kwa kutamka: "Nakukabidhi watano," na anayepokea anawahesabu kwanza ndiyo anajibu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, anapotea kimya kimya katikati ya kelele za wengine. Boya la kuvaa mikononi halipunguzi hata dakika moja ya kumtazama.

Hatua ya 7: Kurudi

Toeni watoto majini saa 9 na nusu, gari liondoke saa 10 kamili. Watalia. Ukisubiri saa 12, Kunduchi, Mbezi Beach na Kawe zote zinamwagika kwenye Barabara ya Bagamoyo kwa wakati mmoja.

Tukikuta tayari kumeziba, tunaingia Tangi Bovu kwenda Goba, tunatokea Mbezi Mwisho, tunashika Malamba Mawili mpaka Kinyerezi na Segerea. Ni mbali kidogo, lakini gari linatembea. Mwambie dereva njia hiyo asubuhi, asije akasema haijui.

Wahesabu kwa majina wakipanda, wahesabu tena likiondoka. Kila mtoto ashukie kwenye mkono wa mzazi au mtu aliyetajwa na mzazi, na umtie alama kwenye orodha. Alama ya mwisho ikiwekwa, mtumie dereva nusu yake iliyobaki.