SOMO: Jinsi ya kuisoma kori ya jeshi la Tsar (mfano Kori ya 13, mwaka 1914)

Wadau, kila wiki napata meseji ileile, "kori ya Urusi ilikuwa na nini ndani", nimechoka kujibu mmoja mmoja, naiweka hapa mara moja. Nachukua Kori ya 13, makao yake Smolensk, jenerali wake Klyuev.

1. Kori iko chini ya jeshi, juu ya divisheni. Hii ilikuwa kwenye Jeshi la 2, chini ya Jenerali Samsonov.

2. Divisheni mbili za askari wa miguu, ya 1 na ya 36.

3. Divisheni ina brigedi 2, brigedi rejimenti 2, rejimenti batalioni 4. Kori nzima batalioni 32.

4. Zidisha namba ya divisheni mara 4, unapata rejimenti yake ya mwisho. 36 mara 4 ni 144, kwa hiyo rejimenti zake ni 141 mpaka 144. Walinzi wa Tsar, magrenadia (askari wa miguu wa daraja maalumu) na marifle wa Siberia (askari wa bunduki wa huko) wana namba zao, usiwachanganye hapo.

5. Mizinga. Hapa tulieni maana mimi niliharibu vibaya. Kirusi kina "diviziya", ndiyo divisheni tunayoijua, halafu kina "divizion", ambayo ni kundi dogo tu la bataria (bataria ni kikosi cha mizinga michache), na mimi nilikuta divizion ya mizinga mifupi, yaani hauza, kwenye orodha ya kori nikaiandika divisheni ya tatu, nikachora chati nzima juu ya kosa hilo na watu wakaichukua, mpaka leo nakutana nayo huko nje na inaniuma. Angalia herufi za mwisho za neno KABLA hujaandika chochote! Hesabu sahihi: kila divisheni bataria 6 za mizinga 8, yaani 48, mara mbili 96, ongeza hauza 12 za ile divizion, jumla 108.

6. Tarehe za Kirusi za wakati huo ongeza siku 13, maana walitumia kalenda ya zamani. Samsonov alijiua baada ya kupigwa na Wajerumani pale Tannenberg, tarehe 17 Agosti kwao, kwetu 30 Agosti 1914.

MASWALI

Swali: Mkuu kori ilikuwa na mizinga mingapi?
Jibu: Namba 5. Soma.

Swali: Chati yako ya zamani inasema divisheni tatu, sasa tuamini ipi?
Jibu: Nimeshasema nilikosea na nimeeleza kwa nini. Futa ile.

Swali: Samahani kaka, kama batalioni ni 32 mbona walipigwa na Wajerumani?
Jibu: Swali zuri sana hili. Kori ya Kijerumani ilikuwa na batalioni kama 25 lakini mizinga 160, pamoja na hauza nzito 16. Halafu Warusi walirusha amri kwa redio bila kuzificha, Wajerumani wakawa wanajua nani anakwenda wapi. Kori ya 13 na ya 15 zikazingirwa, Klyuev na Martos, jenerali wa Kori ya 15, wote wakatekwa.

Swali: Nina picha ya askari wao, nitajuaje rejimenti?
Jibu: Kuza begani, namba ya rejimenti mara nyingi iko kwenye kipande cha bega. Kwa sare za amani, brigedi ya kwanza bega jekundu, ya pili la buluu. Utepe wa kofia unafuata mpangilio wa rejimenti ndani ya divisheni: nyekundu, buluu, nyeupe, kijani. Ila picha nyeusi na nyeupe za zamani huonyesha nyekundu kama nyeusi, kwa hiyo shika namba kwanza. Ukiipata itupie hapa tuiangalie.