Jinsi ya kuandika pepa ya utafiti wa plastiki na jina lako lisipotee njiani

Ukipita Kariobangi Light Industries hapa Nairobi asubuhi utasikia krasha zikisaga mitungi mpaka masikio yaume, na ukiangalia vizuri hukosi mtoto wa kampasi amesimama hapo na notibuku anauliza kilo ya fleki, yaani plastiki iliyosagwa, ni ngapi. Mimi nilikuwa huyo mtoto. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa vigae vya kutandika chini, plastiki ya kuchakatwa na mchanga, kazi ikaisha poa, pepa ikatoka, nikaifungua kwa simu nikiwa kwa mathree nikapata jina langu liko kwa shukrani kule chini kabisa. Na vile vipande vyote vya kupima nguvu nilivunja mimi, kimoja kimoja. Nilipoenda kuuliza nikagundua sina kitu chochote cha kuonyesha, vipimo vyote nilikuwa nimeandika kwa karatasi za mtu mwingine na kwa eksel ya kompyuta ya maabara. Mradi wa pili sikurudia hiyo makosa, na hii naandika ni vile tulifanya mara ya pili.

Kwanza kabisa, majina. Usinunue hata kilo moja ya plastiki kabla hamjakaa mkaongea nani ni mwandishi wa kwanza, nani wa pili, nani wa mwisho. Najua inakaa kama utovu wa adabu, mwanafunzi kumuuliza profesa mambo ya majina kabla kazi haijaanza, lakini ukingoja mwisho kila mtu atakuwa anakumbuka alifanya kazi nyingi kuliko alivyofanya. Mimi sikuomba mkataba wala nini. Tuliongea tu ofisini kwake dakika kumi na jioni hiyo hiyo nikatuma barua pepe: "Prof, asante kwa muda wako leo. Nilivyoelewa, mimi nitachanganya na kupima na nitaandika rasimu ya kwanza kwa hivyo jina langu litatangulia, mwenzangu atachora moldi ya kuumbia vigae atakuwa wa pili, na Prof utasimamia utakuwa wa mwisho. Kazi ikibadilika tutakaa tena." Akajibu "Sawa." Hilo neno moja lina tarehe, na linatosha.

Kanuni zenyewe zipo, si kwamba mnabahatisha. Zile zinatumika sana ni za ICMJE, hao ni wahariri wa majarida ya udaktari lakini majarida mengi ya uinjinia yamezikopa. Ziko nne na lazima utimize zote: uwe umechangia kweli kwa wazo ama muundo ama data ama kuichambua, uwe umeandika au umeisoma rasimu kwa jicho kali na kuirekebisha, uwe umekubali toleo la mwisho, na uwe tayari kujibu kukiwa na swali juu ya kazi. Kutafuta pesa peke yake haitoshi. Kuwa mkuu wa idara haitoshi. Na ChatGPT haiwezi kuwa mwandishi juu haiwezi kuwajibika, ukiitumia sema umeitumia wapi.

Sasa, kuna yule mkubwa ambaye alisaini fomu moja tu na anataka jina lake liingie. Usibishane naye, utaumia bure. Kuna orodha inaitwa CRediT, ina majukumu 14, kuanzia wazo la mradi, njia za kazi, vipimo, programu, hadi kuandika rasimu na kutafuta fedha, na majarida mengi siku hizi yanataka kila mwandishi aonyeshe aliyofanya. Mtumie hiyo orodha kwa heshima, mwambie jarida linataka kila mtu ajaze mwenyewe. Wengine wanajaza vizuri kabisa na unagundua kumbe walifanya kazi usiyoijua. Wengine wananyamaza tu mpaka leo.

Lakini shida kubwa ya Nairobi si mkubwa, ni fundi. Sisi tulienda kwa fundi wa moldi pale Kamukunji na mchoro wetu mzuri wa kompyuta, akauangalia kama dakika mbili hivi akasema hii kigae haitatoka kwa moldi, kuta zimesimama wima sana, lazima ziiname kidogo. Akazilaza karibu digrii 2. Halafu akashika kigae chetu cha majaribio, akakigeuza, akasema mbavu za chini mmeweka nene, hapo ndio plastiki inapoa mwisho na ikipoa inavuta uso wa juu, ndio maana mnaona vishimo juu na kona zimekunja. Alikuwa sahihi kabisa, HDPE, hiyo plastiki ya mitungi, inasinyaa kati ya asilimia 1.5 na 4 ikipoa, na penye unene inaendelea kusinyaa wakati kwingine kumeshakauka. Tukapunguza mbavu, tukapata kigae kilichonyooka, na nusu ya pepa yetu ikawa ni hiyo habari ya mbavu.

Huyo ni mtu wa shukrani ama ni mwandishi? Kama angekata chuma vile mchoro unasema, ni shukrani. Lakini amebadilisha muundo, na matokeo yametoka kwa wazo lake, kwa hivyo sharti la kwanza la ICMJE amelitimiza, na hizo kanuni zinasema mtu wa aina hiyo apewe nafasi ya kutimiza mengine, usimfungie nje kwa kumnyima rasimu. Hakuna mahali zinadai digrii. Tulikaa naye Jumamosi mbili kwa benchi yake nikimsomea rasimu kwa Kiswahili, sehemu ya moldi alinirekebisha mara tatu, unene nilikuwa nimeandika wa kabla ya marekebisho. Jarida nalo humtumia kila mwandishi barua pepe ya kuthibitisha, na yake ilikuwa ile ya simu hajawahi kuifungua, tukatafuta nywila karibu saa nzima. Pangia hiyo saa.

Upande wa plastiki yenyewe nitaenda haraka juu hii mnafundishwa, ila makosa ni yale yale. Jua unashika nini. Mitungi ya manjano ya mafuta mingi ni HDPE, angalia namba 2 kwa pembetatu chini. Ukitupa fleki kwa maji, polietilini na polipropilini zinaelea, PET ya chupa na PVC zinazama, hiyo inakusaidia kutoa chupa lakini haikusaidii kutoa vifuniko vya polipropilini kwa mitungi, vyote vinaelea, na hizo mbili hazichanganyiki vizuri zikiyeyuka, kipande kinatoka dhaifu na hujui kwa nini. Toa vifuniko kwa mkono kabla ya krasha. PVC usiichome kabisa, inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ni asidi. HDPE huyeyuka karibu na digrii 130, polipropilini kama 160 na kitu, PET inafika 250 hivi, kwa hivyo kipande cha chupa kikiingia kwa mchanganyiko wa mitungi kitabaki mle ndani kigumu kama kokoto na kipande chako kitavunjikia hapo.

Na vunja vipande vya kutosha! Kiwango cha ASTM D638 cha kupima nguvu ya kuvuta kinataka angalau 5 kwa kila sampuli, si viwili na "wastani". Andika kasi ya mashine, andika joto la chumba, andika plastiki ilitoka kwa nani na ilioshwa na nini, piga picha mahali pamevunjika hata kama kuna kiputo cha hewa cha kuaibisha. Ukipima mtiririko wa kuyeyuka sema ni digrii 190 na uzito wa kilo 2.16, bila hiyo namba yako haisemi kitu. Yote iingie kwa notibuku yako wewe, na tarehe, kwa peni. Hiyo ndiyo ingeniokoa mara ya kwanza.

Kabla hujaonyesha mtu yeyote muundo mpya, hata kwa bango la kongamano, pitia KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, uulize mambo ya hataza (patent) na usajili wa muundo. Ulaya ukishaonyesha kitu hadharani kabla ya kuomba hataza, upya wake umeisha, hakuna kubembeleza.

Haya, marejeleo. Hapa ndipo watu wanaiba bila kujua wanaiba. Nilitaka namba moja tu ya ugumu wa HDPE iliyochakatwa, nikaipata kwa pepa nzuri, hiyo pepa ilikuwa imetaja nyingine, hiyo nyingine ikataja nyingine, nikafuata kama mtu anafuata deni, mwisho nikafika kwa karatasi ya muuzaji wa plastiki mpya. Mpya! Watu watatu walikuwa wameinakili bila kufungua. Kwa hivyo sheria yangu ni kwamba sirejelei kitu ambacho sijafungua nikaona hiyo namba kwa macho, na ukurasa nauandika kwa Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ambayo ni ya bure na inakuonya kama pepa imeondolewa na jarida.

Kutafuta, anza na pepa moja unayoiamini, rudi nyuma kwa marejeleo yake, kisha nenda mbele uone nani wameirejelea, Google Scholar inakuonyesha hapo chini ya jina la pepa. Ukitaka kuona uwanja mzima, toa data kwa hifadhidata ya Scopus kama chuo kinalipia, ama OpenAlex ambayo haina malipo, uiweke kwa VOSviewer, programu ya Chuo Kikuu cha Leiden, inakuchorea ramani ya nani anarejelewa pamoja na nani, na maneno gani yanatokea pamoja. Ila safisha data kwanza. Ramani yangu ya kwanza ilikuwa na HDPE, polietilini na polietilini nzito kama miji mitatu tofauti, na mtu mmoja amegawanyika vipande viwili. Pia usisome ukubwa wa duara kama ubora. Pepa ya zamani ina marejeleo mengi juu imekaa muda mrefu, na ya mapitio hurejelewa sana juu ni njia ya mkato ya wavivu, mimi nikiwemo.

Impact Factor pia isikutishe. Ni hesabu ya jarida, si ya pepa yako: marejeleo ya mwaka huu kwa vitu vya miaka miwili iliyopita, gawanya kwa idadi ya makala za hiyo miaka miwili. Jarida lililotoa makala 100 likarejelewa mara 300 lina 3, na inawezekana makala kumi ndizo zimebeba zote. Eugene Garfield alileta wazo la kuhesabu marejeleo mwaka 1955, halafu h-index ya Hirsch, ambayo ni kipimo cha mtafiti mmoja, ikaja 2005, ambapo ukiwa na 5 maana yake una pepa 5 kila moja imerejelewa angalau mara 5. Mkaguzi wa jarida akikuambia ongeza pepa sita za mtu mmoja, uliza kwa mhariri zinahusiana vipi na vigae. Na ile barua ya "mtafiti mtukufu, tutachapisha kwa siku tano" iache hapo hapo. Jarida la kweli likiwa na ada, omba msamaha wa ada kabla ya kutuma, si baada ya kukubaliwa.

Ah, na utangulizi: kila pepa ya plastiki ya Kenya inaanza na marufuku ya mifuko ya 28 Agosti 2017. Mkaguzi ameisoma mpaka amechoka, na wewe umepima mitungi, si mifuko. Anza na mitungi.

Mwisho ni majina tena. Sisi tuna majina matatu na kila fomu inayakata vile inataka, leo wewe ni Otieno J., kesho ni John O., na hao wote kwa hifadhidata ni watu tofauti. Chagua umbo moja, chukua ORCID, namba ya kutambulisha mtafiti, ni bure, ina tarakimu 16, dakika tano tu, msaidie na fundi afungue yake. Nakala ya kusahihisha ikija kabla ya kuchapishwa haikupatii siku nyingi, kwa hivyo usianze na nukta na koma, anza na mstari wa majina. Kwetu la fundi lilikuja limepinduliwa, jina la baba limekuwa la kwanza, na huwezi amini ni yeye mwenyewe aliona, kwa simu, wakati sisi wenye digrii tulikuwa tunabishana juu ya rangi za grafu.