Sufuria la kamba Nyanda za Juu: nini kitangulie, nini kisubiri

Upishi huu asili yake ni Louisiana, kusini mwa Marekani. Huko huchemshwa kamba wa maji yasiyo ya chumvi, wale wenye magando kama kaa wadogo, pamoja na viazi, mahindi, soseji na vitunguu katika sufuria moja yenye chumvi na pilipili ya kutosha, kisha vyote humwagwa mezani watu wakale kwa mikono. Kamba wa aina hiyo walipelekwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970, na hadi leo wapo. Mbeya na Iringa utakaowapata kwa urahisi ni kamba wa baharini waliogandishwa, na wanafaa kabisa. Kamba mwenyewe ana dakika chache tu. Sufuria huharibikia kwenye vile vingine vinavyotiwa, maana kila kimoja kina muda wake, na kila kimoja hunywa chumvi na pilipili kwa namna yake.

Kabla ya yote, fahamu kwamba Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Njombe huchemka kwenye nyuzi chache kidogo kuliko hizo. Kyela hukaribia 98. Kwa hiyo dakika za mapishi ya Dar es Salaam au ya Louisiana zitakuachia viazi vigumu katikati. Dawa yake ni muda. Maji yakishachemka, kuongeza kuni hakuyapandishi joto tena. Kunayakausha tu na kuvigonganisha viazi mpaka vimeguke.

Kwa watu 10 chukua sufuria la shughuli la lita 30 na maji lita 12. Andaa kamba kilo 3 wenye maganda, viazi mviringo kilo 2 na nusu, mahindi mabichi 8 yaliyokatwa vipande vitatu vitatu, soseji kilo 1, vitunguu maji 6, vitunguu swaumu vichwa 8, malimau 8, uyoga nusu kilo, maharage machanga ya maganda kiasi cha mikono miwili, mayai 10, siagi gramu 250 na barafu kilo 2. Chumvi ni gramu 350. Itaonekana nyingi, lakini maji haya hayanywewi. Ndiyo yanayopeleka ladha ndani ya viazi na ndani ya ganda la kamba. Ukiogopa chumvi hapa, hakuna utakachonyunyizia baadaye kikasaidia.

Viungo: vijiko 3 vya chakula vya mbegu za giligilani, 2 vya mbegu za haradali, 2 vya pilipili manga nzima, karafuu 12, pilipili nyekundu ya unga vijiko 4, na pilipili mbuzi 8 zilizotwangwa. Usizitupie pilipili nzima nzima. Ukali wake huyeyuka vizuri kwenye mafuta, si kwenye maji, hivyo pilipili nzima huelea tu na kutoka kama zilivyoingia. Zitwange, na uikumbuke siagi mwishoni. Mbegu zifunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba ili zisimkwaze mlaji. Ule mfuko wa wavu wa kubebea vitunguu usiutie kwenye maji ya moto, ni plastiki.

Chemsha maji na chumvi, viungo, vitunguu maji na swaumu kwa dakika 10. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ni vizuri kwa kazi hii. Vikate nusu kwa nusu ukiacha kitako cha mizizi, ndicho kinachoshika tabaka zisiachane. Swaumu ziache vichwa vizima, kata ncha tu. Zikiiva zinakamuliwa kama uji mzito juu ya kiazi, na wengi huzigombania kuliko kamba. Simama upande upepo unakotoka, maana mvuke wa pilipili hukohoza.

Sasa mahindi. Hapa ndipo mapishi ya Marekani yanapompoteza mpishi wa kwetu. Wao huyatia mwishoni kwa sababu hutumia mahindi matamu, laini, ya dakika chache. Mahindi yetu ya kuchemsha ni yaleyale ya shambani yakiwa bado mabichi, yana wanga mwingi na yanahitaji nusu saa, kwa hiyo yanatangulia viazi. Yapime sokoni kwa kucha: punje ikitoa maziwa, chukua, ikiwa kavu au ngumu, yamekomaa na hayatalainika leo. Msimu wa mvua ukipita, tafuta yale ya vinyungu, yanayolimwa mabondeni.

Dakika 5 baada ya mahindi, tia viazi. Chagua vidogo vinavyolingana, ukubwa wa yai la kuku, uvisugue na kuvitia na maganda yake. Viazi vilivyokatwa hulegea pembeni, wanga wake huchafua maji, na kamba watatoka na utando. Chenye rangi ya kijani kitupe. Kuchemsha hakuondoi sumu yake. Vipe dakika 25 kisha choma kwa kisu. Kisu kiingie bila kusukumwa na kiazi kisipasuke.

Mpaka hapo limau lisiguse maji. Watu wengi hulitia mwanzo pamoja na viungo, halafu wanashangaa viazi havilainiki. Uchachu huimarisha ukuta wa chembe za kiazi, na kwenye maji ya nyuzi 94 utasubiri saa nzima. Nyanya hufanya vivyo hivyo, nazo ziache kabisa.

Viazi vikiwa tayari, tia soseji, uyoga na maharage machanga kwa dakika 5. Louisiana hutumia soseji nzito za kuvuta moshi. Soseji za kawaida za maduka yetu ni laini mno, hupasuka na kuacha povu la mafuta. Zikaange kwanza nzima mpaka zipate rangi, ndipo uzikate. Kama kuna wageni wasiokula nguruwe, sufuria iwe ya ng'ombe tupu. Kuchagua vipande mezani hakutoshi, mchuzi umeshachanganyika.

Uyoga ndio nyongeza tunayoipenda kuliko zote. Hunywa maji kama sifongo, na ukiuuma unatoa chumvi, pilipili na swaumu kwa pamoja. Kwa sababu hiyohiyo ndio wenye ukali kupita vyote, hivyo usiwape watoto. Uyoga mamama wa kupandwa unafaa sana, lakini uache kwenye mashina yake usisambaratike. Wa porini tia ule tu ambao anayeuchuma anaujua bila shaka yoyote, maana sumu ya uyoga haiondoki kwa kuchemshwa. Maharage yafunge kitita kwa uzi wa pamba. Njegere mbichi ndani ya maganda yake huingia wakati huohuo. Kabichi pia inawezekana, robo robo yenye kisiki, dakika 10 kabla ya kamba.

Ndizi mbichi za Tukuyu ni tamu kwenye chungu chake, si hapa: utomvu wake huyafanya maji yawe meusi na makakasi. Magimbi huacha ute, na yasipoiva sawasawa huwasha koo. Viazi vitamu vichemshe pembeni.

Kamba wawe wameyeyuka kabisa. Walale usiku kucha kwenye friji au wakae kwenye maji baridi. Wakitoa harufu kali kama ya mkojo, watupe. Pasua mgongo kwa mkasi utoe mshipa mweusi, ganda liache. Kamua malimau ndani ya sufuria, tupia na maganda yake, kisha tia kamba wote na ukoroge mara moja. Usisubiri maji yachemke tena, hasa kwenye mkaa, watakuwa wameshapita. Watazame wenyewe: nyama ikipoteza uangavu na kamba akajikunja nusu duara, wameiva. Kwa kawaida ni dakika 3 hadi 4. Aliyejikunja mpaka mkia ukagusa kichwa amekauka, na ganda lake litang'ang'ania nyama. Moto ukiwa dhaifu, wapike kwa mafungu mawili.

Hapo hapo ipua. Kuvuta kuni peke yake hakutoshi, makaa yanaendelea kupika. Iteremshe sufuria chini, watu wawili, na vitambaa vizito. Tia barafu, siagi, na mayai uliyoyachemsha mapema na kuyapasua maganda bila kuyamenya, ili ladha ipenye kwenye nyufa. Barafu husimamisha kuiva, na kamba wanaendelea kulowa bila kukakamaa. Waache dakika 10 hadi 15. Kamba wa Louisiana, mwenye ganda gumu, hupewa 20 hadi 30. Onja kamba mmoja kila baada ya dakika 5, kwa sababu ladha huingia wakati huu kuliko wakati wa kuchemka. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikikaza, punguza barafu iwe kilo 1 na ufunike, la sivyo utakula chakula kilichopoa.

Chuja kwa tenga safi, kisha mwaga mezani juu ya majani ya migomba yaliyooshwa. Pembeni weka parachichi la Rungwe au Njombe lililopondwa na chumvi na limau; hilo ndilo linalotuliza pilipili, maji ya kunywa hayatulizi. Uliza mapema kama kuna anayedhurika na kamba. Mtu huyo asipewe hata kiazi cha sufuria hii.

Ukitaka kupika fungu la pili kwenye maji yaleyale, onja kwanza. Maji yamepungua, chumvi na pilipili zimezidi, na limau lipo tayari, kwa hiyo viazi na mahindi ya fungu hilo yachemshe kwenye sufuria nyingine, kisha yaje kulowa tu. Ongeza maji lita 2 au 3 bila viungo vipya. Kamba waliobaki wamenye siku hiyohiyo, waweke kwenye friji, na kesho yake wapitishe haraka kwenye kitunguu na nyanya, waliwe na ugali.