Kusomea Katuni za Hadithi Ukitokea Kisumu

Kijana anayetaka kuishi kwa kuchora katuni za hadithi hana budi kulielewa jambo moja kabla hajalipa karo popote. Atakayempa kazi hatamwuliza kama anajua kuchora, kwa kuwa hilo ataliona mara moja. Atataka kujua kama anaweza kuanza hadithi na kuimaliza. Nimewafundisha vijana kuchora hapa Kisumu kwa muda, na wengi hunijia na madaftari yaliyojaa nyuso nzuri za mashujaa, karibu zote zikitazama upande mmoja, wala hamna hata ukurasa mmoja ambamo mtu anafungua mlango, anaketi na kusema neno. Hao ndio ninaowaandikia.

Nianze na chuo. Hapa nchini, mtu wa katuni kwa kawaida huingilia mlango wa sanaa au wa usanifu wa michoro. Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi vina idara za fani hizo, na aliyekosa alama za shahada, au anayetaka kuokoa kodi ya nyumba ya Nairobi, aulize katika taasisi za kiufundi zilizo karibu naye, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, kama zina kozi ya cheti au stashahada ya usanifu wa michoro. Usichague kwa kuangalia jina la kozi pekee. Nenda chuoni siku ya masomo, uombe kuonyeshwa kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kisha uulize ni saa ngapi kwa wiki wanachora mtu aliye hai mbele yao. Chuo kinachofundisha kompyuta tangu siku ya kwanza lakini hakina hata saa moja ya kuchora mwili wa binadamu kitakupa ujuzi wa kutengeneza kadi za harusi, nayo ni kazi ya halali, ila siyo uliyoifuata.

Wala usidhani kwamba fani hii ni ngeni kwetu. Wasomaji wa gazeti la Taifa Leo walicheka na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau kwa miongo mingi. Mchoraji Gado, Mtanzania aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo, alikuja Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation. Shujaaz, jarida la katuni, ilianza mwaka 2010, ikasambazwa bure kwa lugha ya vijana. Zitafute kazi hizo uzisome kwa penseli mkononi: hesabu visanduku vya kila ukurasa, uandike pembeni kilichotokea kati ya kisanduku kimoja na kinachofuata, kwa maana ni pale katikati, pasipochorwa kitu, ndipo msomaji anapoifanya hadithi kuwa yake.

Usingoje chuo kifunguliwe ndipo uanze mazoezi. Jumapili, soko la Kibuye linapofurika watu, nenda na daftari dogo na kalamu moja isiyofutika. Tafuta mama anayeuza samaki, umsalimu kwanza, umwombe: "Mama, naomba ruhusa nichore mikono yako unavyopaa samaki." Wengi hukubali, na wengine watataka kuuona mchoro, uwaonyeshe. Sasa tazama. Mkono wa kushoto umeshika mkia, kidole gumba kikiwa juu. Wa kulia unasukuma kisu kuelekea kichwani, magamba yanaruka na mengine kunata kwenye kifundo cha mkono. Kisha samaki anageuzwa kwa mzungusho mmoja wa kiganja. Usichore picha moja iliyokamilika. Chora picha tano ndogo za hatua tano, kila moja kwa dakika moja hivi, na jioni ukiwa nyumbani uchague tatu zinazotosha kumfanya mtu ambaye hajawahi kupaa samaki aelewe. Huko kuchagua ndiko kuchora katuni. Fanya hivyo pia kwa wavuvi wa Dunga wanapovuta mashua nchi kavu, na kwa fundi wa baiskeli, mpaka mkono uzoee kufikiri kwa mfuatano.

Sasa nifike kwenye suala ambalo vitabu vingi vya kufundishia, kwa kuwa vimeandikwa kwa lugha nyingine, havikusaidii: maneno ndani ya kiputo, yaani duara linalobeba usemi wa mhusika. Kiswahili hubeba sentensi nzima katika neno moja. "Hatukuwasikiliza" lina herufi 16, na ukichora kiputo chembamba kwa kuiga katuni za Marekani, neno hilo halitaingia. Mwanafunzi wangu mmoja alilikata mwishoni mwa mstari likawa "hatukuwa-" juu na "sikiliza" chini, na kila msomaji aliyefika hapo alisoma kwamba watu hao hawakuwapo, kisha akarudi nyuma kuanza upya. Kata palipo na maana: "hatuku-" juu, "wasikiliza" chini. Afadhali zaidi, andika maneno kwanza kabla ya kuchora mtu yeyote, uyazungushie kiputo kipana, ndipo wahusika wapewe nafasi iliyobaki. Mazungumzo yapunguzwe hadi yasemeke kwa pumzi moja. Ukichora kwenye karatasi ya A3 kwa ajili ya kitabu cha A5, kila kitu kitapungua kwa nusu, kwa hiyo herufi kubwa zenye urefu wa milimita 6 zitachapwa zikiwa milimita 3, na chini ya hapo mzee anayesoma kwa taa ya chemni atachoka.

Kuhusu sauti, nasikitika ninapoona kijana wa Nyando akiandika milio ya katuni za ng'ambo ilhali shuleni alikariri tanakali za sauti. Kitu kikianguka majini ni chubwi, mchangani ni tifu, matopeni ni tapwi. Neno moja tu linakuambia ardhi ilivyo, hata kabla hujaichora! Ziandike kubwa, zikifuata mwelekeo wa kitu kinachoanguka.

Ukishaingia chuoni, jiwekee sharti la kumaliza hadithi moja ya kurasa 6 kila muhula, hata kama mwalimu hajaagiza. Kurasa 6 nimezichagua kwa sababu karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati hutoa kurasa 8 za A5: jalada la mbele, hadithi, na jalada la nyuma lenye jina lako na nambari ya simu. Chora kwa wino, uskani mistari kwa nukta 600 kwa inchi, usafishe kwa programu ya Krita ambayo ni ya bure, kisha utoe nakala 20 kwa rangi nyeusi pekee kwenye duka la kuchapisha lililo karibu. Wape watu wasiokujua, ukae kando uwatazame wakisoma bila kuwaeleza lolote. Jicho likirudi nyuma mara mbili kwenye ukurasa huohuo, ukurasa huo ndio wa kuchora upya.

Baada ya miaka miwili utakuwa na vijitabu visivyopungua vinne, na hivyo ndivyo potifolio yako, yaani mkusanyo wa kazi utakaomwonyesha mteja. Ongeza kurasa mbili zinazomwonyesha mhusika mmoja akiwa na furaha, hasira, uchovu na aibu, akionekana mbele, ubavu na mgongo, ili mteja ajue kwamba hatageuka mtu mwingine kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Kazi nyingi za awali upande wetu wa magharibi hazitoki kwa wachapishaji wa katuni. Hutoka kwa mashirika ya afya na kilimo yanayotaka vijitabu, kwa wachapishaji wa vitabu vya shule, na kwa makanisa. Zipokee kwa heshima, uwe na PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi, na ankara iliyoandikwa vizuri.

Ila usichore hata mstari kabla ya mkataba. Niliwahi kuchorea shirika moja kijitabu kwa makubaliano ya mdomo, na mwaka uliofuata nikawakuta wahusika wangu kwenye mabango ya barabarani na fulana, bila senti zaidi. Nilipouliza ndipo nilipojua kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huihesabu hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo andikeni: "Mchoraji anabaki na hakimiliki ya wahusika na michoro, mteja anaruhusiwa kuitumia katika kijitabu hiki pekee, kwa muda wa miaka 2." Taja idadi ya masahihisho yaliyomo kwenye bei, mawili yanatosha, na uombe nusu ya malipo iingie kabla hujatoa penseli mfukoni.